Jiwe Jeusi Ndani ya Jiwe Jeupe

Mwanahamisi alikuwa anapepeta mchele uani wakati mumewe aliporudi kutoka kazini, saa ambayo mtu wa kampuni harudi. Jua lilikuwa halijavuka paa la stesheni ya Kindu. Bulaimu akavua kofia, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akaanza kuitazama mikono yake, kiganja na mgongo, kama mtu aliyeazimwa mikono ya mwingine.

"Baba Hawa, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi njo nini? Kuna nini?"

"Wanasema nimetupa mawe."

Mwanahamisi akaweka ungo chini. Akamtazama kwanza kama anatania. Hakuwa anatania.

Mtu wa Kindu wa mwaka ule wa 1938 hakuwa na haja ya kuelezwa uzito wa maneno hayo. Wazungu wa kampuni ya bati walikuwa milimani, njia ya Pangi, wakipima vilima na vijito. Kila jiwe walilolitaka lilipasuliwa, likatiwa mfukoni, likafungiwa kikaratasi chenye namba, likabebwa kichwani siku nne mpaka barabarani, halafu kamio, lori la kampuni, ikalileta Kindu kwenye ghala la mawe nyuma ya stesheni. Na jiwe ni zito, jamani. Tusifiche: walikuwapo wabebaji waliomwaga mawe ya mlimani siku ya kwanza tu, wakatembea wepesi kama watu wanaokwenda harusini, na walipokaribia kamio wakaokota mawe yoyote ya barabarani wakajaza mifuko, namba zile zile. Mzungu akifungua mfuko Kindu, anakuta jiwe la barabara limevaa jina la mlima. Huko ndiko kutupa mawe. Aliyeshikwa alipigwa viboko, na kitabu chake cha kazi kikaandikwa neno ambalo kampuni yoyote nyingine ikilisoma isingemchukua.

Lakini Bulaimu! Miaka kumi na moja alikuwa kapita wa mawe, msimamizi wa wabebaji. Yeye ndiye aliyekuwa akiwashika wenye kutupa. Mfuko ukilowa, aliuanika. Kikaratasi kikifutika, alikataa kula mpaka kiandikwe upya. Wenzake walimwita Shehe wa Mawe, kwa sababu, walisema, anafungua mfuko wa mawe kwa adabu kuliko wengine wanavyofungua msahafu. Na yeye alicheka tu.

"Nani amesema?" Mwanahamisi akauliza.

"Bwana Kalamu."

Huyo alikuwa mzungu kijana, ana miezi minane tangu atoke Ulaya. Waliomwita Kalamu walimwita hivyo kwa sababu ya penseli iliyokaa juu ya sikio lake hata alipokuwa anaoga mtoni. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ghala sasa, tangu yule mzungu mzee wa mawe aliporudi kwao na ugonjwa wa ini.

"Alifungua mfuko wa mia mbili na kumi na nne," Bulaimu akasema. "Akakuta jiwe jeupe moja na vipande viwili vyeusi. Akaniita. Akasema, mfuko mmoja, mawe ya nchi mbili! Nikamwambia, Bwana, lilikuwa jiwe moja. Nililipasua kwa mkono huu, kule kwenye kijito. Lile jeupe lilikuwa limelimeza lile jeusi. Yameachana kwenye kamio, njia iko mbaya, yamesagana kando kando."

"Na yeye?"

"Akacheka. Akaniuliza kama mawe ya kwetu yana midomo. Halafu akaacha kucheka. Viboko vinane, siku ya posho, baada ya lapele, majina yakishaitwa, mbele ya watu wote. Na kitabu kitaandikwa. Na nyumba hii ya kampi tuiache kabla ya mwezi kwisha."

Mwanahamisi hakulia. Alisimama akaenda mpaka kwenye ua wa matete, akarudi, akaenda tena. Nyumba haikumuuma. Nyumba za kampi zilikuwa za matofali lakini zilikuwa na joto kama tanuri, na kaka yake alikuwa na uwanja mpana mtaa wa waungwana. Kilichomuuma ni neno. Siku ya posho, watu mia mbili wamepanga mstari, karani anasoma kwa sauti: Bulaimu, ametupa mawe. Bulaimu!

"Na wewe ulinyamaza?"

"Nilisema, Mama Hawa. Nilisema mara tatu. Mara ya tatu akanyanyua mkono."

Sasa, jambo lenyewe la jiwe kumeza jiwe, Mwanahamisi alilijua. Mumewe alikuwa amemsimulia miaka mingi nyuma, na hakufundishwa na mtu. Kabla ya kampuni, Bulaimu alichoma matofali kwa mapadri. Alijua udongo uliolala karibu na moto unavyokuwa, unavyokaza na kubadilika rangi, na ule wa mbali unavyobaki mbichi. Basi alipoanza kupasua mawe, aliona kitu. Kila mahali jiwe jeupe lenye punje za kung'aa lilipokutana na jiwe jeusi, lile jeusi lilikuwa limeungua ukingoni, limekuwa gumu kama tofali la mlangoni mwa tanuri. Jeupe halikuungua hata siku moja. Tena aliona vidole vyembamba vya jiwe jeupe vimeingia katika nyufa za jiwe jeusi, virefu, vingine vyembamba kama uzi. Kidole cheusi kikiingia katika jeupe hakukiona. Na ndani ya jeupe, vipande vyeusi vimekaa peke yao, vina pembe kali, kama nyama katika wali.

"Lile jeusi njo lenye mji," alimwambia siku ile ya zamani, wakiwa wanakula. "Lilikuwapo kwanza. Jeupe limetoka chini, na lilipotoka halikuwa jiwe. Lilikuwa uji wa moto. Limesukuma, limetafuta ufa, limeingia, ufa umepanuka, dari imekatika vipande, vipande vimeanguka ndani ya uji. Halafu uji umepoa navyo ndani. Na bati, ukitaka bati, tafuta pale pale jeupe lilipoingilia jeusi."

Mwanahamisi alimjibu kwamba wali unapoa. Lakini alisikia, na hakusahau.

Alasiri akajifunga khanga yake nzuri akaenda biro, ofisi ya kampuni. Karani Donatien alikuwa barazani, shati jeupe, mashine ya kuandikia mbele yake. Alikuwa kijana wa misheni ya Kibombo, msomi, mpole, na mwoga.

"Karani, hujambo?"

"Sijambo, mama. Poleni na maneno ya mzee."

"Umeshaandika?"

Donatien akatazama mashine. "Nimeandika, mama. Mimi naandika tu ninachoambiwa."

"Mkono wako unaandika. Na kichwa chako huwa kinakwenda wapi wakati huo? Kinangoja nje?"

"Mama, tafadhali, pole pole, Bwana iko ndani."

"Wewe unamjua Bulaimu. Ulipokuja hapa na sanduku moja la mbao alikupa kitanda. Unasema katupa mawe?"

"Sisemi."

"Sema basi kwamba husemi. Mwambie huyo wa ndani."

Donatien akafuta jasho juu ya mdomo. Akasema kwa sauti ya chini sana kwamba Bwana hasikii maneno. Yeye ni mtu wa kuona, kila kitu anataka akione kwa macho, akitie chini ya kioo chake cha kukuzia. "Kama mama anaweza kumwonyesha," akasema, na alisema hivyo ili aondoke tu, kama vile unavyomwambia mtoto akakuletee nyota.

Mwanahamisi akajifunga khanga upya. Kisha akasema, "Ijumaa asubuhi. Mwambie mke wa Bulaimu anamletea sukari."

Kwa sukari alikuwa fundi. Kindu nzima, ikifika Maulidi au harusi ya waungwana, kashata zilitoka mikononi mwake. Na wali wa harusi alijua kuupika kwa kuziba ukingo wa chungu kwa donge la unga, mvuke usipate pa kutokea. Mara ngapi alikuwa ameona donge lile linapasuka, na maji ya ndani yanatafuta ule ufa, yanapanda, yanabandua kipande cha unga na kukiangusha ndani? Alikuwa akigombana nalo kila harusi. Sasa alilitaka lipasuke.

Alikwenda ukingoni mwa Lualaba, pale wanapotoa udongo wa vyungu, akachukua udongo mweusi, akaukanda, akautandaza kama chapati nene, akauanika. Akanunua sukari. Bulaimu alikuwa amekaa kwenye kinu chake anamtazama.

"Unafanya nini?"

"Napika mlima."

"Mwanahamisi, watanicheka mara mbili. Kwa mawe na kwa mke."

"Wewe umeshachekwa. Nyamaza basi, unipulizie moto."

Chungu cha kwanza kilikuwa aibu. Chapati ya udongo ilikuwa nyembamba na haijakauka vizuri. Sukari ilipochemka udongo ukayeyuka wote, ukawa tope tamu ambalo hata kuku hawakulitaka. Cha pili kililipuka, kifuniko chote kikaruka kikanata kwenye ukuta wa kampi, na Bulaimu akaruka kutoka kwenye kinu chake. Hapo alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile aliporudi, halafu uso ukarudi ulivyokuwa. Lakini baada ya hapo hakubaki kutazama tena. Alisogea. Akasema udongo uwe mnene vidole viwili. Akasema usizibe kwa nguvu, acha nyufa za kukauka kama zilivyo, kwa sababu mlimani pia jiwe jeusi lina nyufa zake kabla ya kufikiwa. Udongo ulipokauka wakapika cha tatu. Kilipopoa wakakivunja kwa mchi. Wote wawili wakainama kukitazama, na Mwanahamisi akaanza kukanda udongo wa Ijumaa.

Ijumaa saa mbili, Mwanahamisi aliweka jiko lake mbele ya ghala la mawe. Bwana Kalamu akatoka na kikombe cha kahawa, na penseli sikioni. Alikuwa na furaha ya mtu anayeletewa mchezo.

"Wewe mwanamuke, unataka kunipa sukari ili nisamehe mume wako?"

"Hapana, Bwana. Sukari hii si ya kula. Bwana akae, atazame."

Akaketi kwenye sanduku. Bulaimu alisimama kando, mikono nyuma. Donatien alishika daftari kifuani kama ngao. Mwanahamisi akamimina sukari na maji kidogo ndani ya chungu, akakiweka motoni, na ilipoanza kulainika akakitia kile kifuniko kinene cha udongo mweusi, kilichokauka kikapasuka pasuka, ndani kabisa ya shingo ya chungu, akaziba ukingo kwa unga.

"Huu mweusi," akasema, "njo mlima wa zamani. Ulikuwapo. Haukumwendea mtu. Huko chini iko moto. Sasa Bwana angoje."

Wakangoja. Kahawa ikapoa. Kwanza ilisikika sauti ndogo, kama mtu anayevunja kijiti. Kifuniko kikainuka kidogo sana katikati, kikashuka. Kikainuka tena. Katika ufa mmoja ikatokea sukari, uzi mmoja unaong'aa, ukaupanda ule ufa na kuufuata kila ulipopinda. Ufa ukafunguka. Mwingine ukatokea, ukaupita wa kwanza ukaukata. Na pale nyufa mbili zilipokutana, kipande cha udongo kikalegea, kikatikisika kama jino, kikazama. Mahali pake sukari ikapanda, ikapata ukingo mpya wa kula. Kipande kingine. Kingine.

"Uji wa moto haukuuvunja mlima kwa nguvu," Bulaimu akasema taratibu, na alikuwa amejisahau, amesogea mbele. "Unaingia pale palipokwisha kupasuka, Bwana. Unajaza, unasukuma. Kipande kinaanguka, unapanda pale kilipotoka. Hivyo hivyo, mpaka unachoka, unapoa."

Mwanahamisi akaepua chungu, akakiweka katika beseni la maji. Baadaye akakivunja. Ndani palikuwa na bonge la sukari iliyoganda, rangi ya asali, na katikati yake vipande vyeusi vyenye pembe kali, kila kimoja kimekaa peke yake, ukingo wake umebadilika rangi pale sukari ilipougusa. Akaliweka mikononi mwa mzungu. Halafu akalichukua, akalilaza chini, akalipiga kwa mchi, kipigo kimoja tu, na bonge likaachana: sukari huku, udongo kule.

"Haya, Bwana," akasema. "Chungu kimoja. Nani ametupa mawe?"

Bwana Kalamu akaweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa umepata madoa mekundu. Aliingia ghalani, akatoka na mfuko wa mia mbili na kumi na nne, akamwaga mezani, akalichukua lile jiwe jeupe akaligeuza chini ya kioo chake, upande huu, upande ule. Katika mkunjo mmoja palikuwa pamebaki kipande cheusi, kidogo kama ukucha, kimeshikwa na jeupe pande zote. Donatien alikiona hata bila kioo. Mzungu alikitazama muda mrefu, na Mwanahamisi alimwona vizuri: alikuwa anaelewa. Tena alikuwa anakumbuka. Kitu hiki alikwishafundishwa, kwenye nyumba kubwa ya shule huko kwao, na alikwishakichora daftarini, na kilipokuja mbele yake katika mfuko wa mtu mweusi hakukitambua.

"Bien, muzuri," akasema. Akatoa penseli sikioni, akaandika. Akachora chungu. Akaandika tena.

"Basi Bwana atafuta maneno ya kesho, siku ya posho," Mwanahamisi akasema.

Mzungu akainua kichwa kama mtu aliyesahau kwamba chungu kililetwa na mtu. "Nyumba, mubaki nayo. Kazi, abaki nayo. Nitapasua ile barua ya kumfukuza." Akafunga daftari. "Viboko, karatasi imekwisha kwenda kwa Bwana wa serikali. Amri haiwezi kurudi. Na alinijibu mara tatu."

"Kwa kosa gani?"

"Nimesema."

"Kwa kosa gani, Bwana? Umeona kwa macho yako!"

"Mwanahamisi," Bulaimu akasema. Akamshika mkono, akamwondoa pale.

Kesho yake walimpiga. Wanawake wa kampi walisimama kwenye ua wa matete, na Mwanahamisi alisimama mbele yao, hakujifunika uso. Karani Donatien alisoma: Bulaimu, kapita, ametupa mawe, mfuko wa mia mbili na kumi na nne. Alisoma haraka, macho kwenye karatasi. Polisi wawili, kiboko cha ngozi, vinane. Bulaimu hakupiga kelele. Alipoinuka alijifunga shuka yake polepole, na mtu mmoja nyuma ya mstari, mmoja wa wale aliowahi kuwashika, akasema kwa sauti, "Shehe, leo kitabu kimekusoma wewe!" Wengine wakacheka. Wengi hawakucheka. Lakini wale waliocheka, Mwanahamisi aliwasikia mmoja mmoja.

Alimkanda mgongo kwa mafuta ya mawese na majani. Siku mbili hakusema na jirani. Alikuwa anapika, anafagia, anafua, na kila kitu alichoshika alikishika kama kimemtukana. Nyumba wameachiwa! Kazi wameachiwa! Kana kwamba walikuwa wameomba sadaka.

Jumanne adhuhuri Donatien akaja. Hakukaa. Alisimama karibu na kinu na kofia mkononi.

"Mzee, Bwana anataka uende naye mlimani kesho. Anataka kijito kile. Wengine wamekitafuta katika ramani hawakioni, jina ulilolisema halimo. Anasema hapo njo mahali pa bati."

"Hilo la bati amelijua lini?" Mwanahamisi akauliza.

Donatien akaizungusha kofia. "Ameandika ripoti, mama. Mimi njo niliipiga mashine. Imekwenda na meli jana, kwa wakubwa. Imeandikwa kwamba mfuko wa mia mbili na kumi na nne ni jiwe moja, jeusi ndani ya jeupe, na ni ushahidi mzuri kuliko yote ya mwaka huu. Na kwamba…"

"Na kwamba nini?"

"Na kwamba yeye, kwa kutumia sukari na udongo, amefanya jaribio."

Mwanahamisi akaangua kicheko, kicheko kikavu, cha mara moja.

"Yeye. Amekanda udongo yeye! Amenunua sukari yeye! Na mgongo huu amepigwa yeye?"

"Jina la mzee halimo. Wala la mama. Na ile karatasi ya viboko haikufutwa, mama, mimi nina nakala za zote mbili katika sanduku moja. Ile inasema mawe ya barabarani. Hii inasema jiwe moja. Sahihi ni ile ile."

Bulaimu alikuwa amelala kifudifudi mkekani, mlangoni. Hakuinua kichwa. "Mwambie nitakuja kwenye lapele," akasema.

Siku iliyofuata wanaume walipanga mstari saa kumi na mbili na nusu. Mwanahamisi alikuwa kwenye ua wa matete na wanawake wengine. Bwana Kalamu alikuwa amevaa viatu vya safari. Donatien akaanza kusoma majina ya wanaokwenda mlimani, na kila mmoja akaitika, "Iko!"

"Bulaimu, kapita."

Kimya.

"Bulaimu!" mzungu mwenyewe akaita. "Wewe iko pale, nakuona."

Bulaimu akatoka katika mstari hatua moja. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Bwana, kapita wa mawe hawezi kuwa mtu aliyetupa mawe. Watu hawa wote walisikia. Kama nilitupa, mawe yale niliyaokota barabarani, na kijito sikijui. Kama kijito nakijua, basi sikutupa. Bwana achague moja. Aliseme hapa, kama lile lingine lilivyosemwa hapa."

Bwana Kalamu alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mimi sitafuti ruhusa ya kapita," akasema. "Karani, jina linalofuata."

Donatien hakusoma jina linalofuata. Alikuwa ametoa karatasi nyingine katika daftari, iliyokunjwa mara nne, na anaikunjua. Alisoma Kifaransa kwa ajili ya mzungu, sentensi moja, halafu Kiswahili kwa ajili ya wote, na safari hii hakusoma haraka.

"Ripoti ya kampuni. Mfuko wa mia mbili na kumi na nne umechukuliwa mahali pake, na umeletwa vizuri. Ndani yake iko jiwe moja: jiwe jeupe limemeza jiwe jeusi. Hakuna kilichochanganywa." Akapumua. "Imesainiwa na Bwana siku ya Jumapili. Siku moja baada ya viboko."

"Nani amekuambia usome hiyo?"

"Bwana njo aliisaini."

Mzungu akamnyang'anya karatasi, akaikunja kunja ngumini. Lakini nyingine ilikuwa mtoni, inakwenda kwa wakubwa, na kila mtu pale alijua meli hairudishwi. Mstari ukaanza kunguruma, chini chini. Yule aliyetania siku ya posho akageuza uso akatazama miguu yake. Na kwenye matete mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kifupi, kikali, na wa pili akampokea.

Mwanahamisi hakupiga. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Nimesikia," Bulaimu akasema. "Asante, karani. Sasa nitajibu, Bwana. Kijito nakijua. Nakijua kwa kila jiwe lake." Akavua kofia ya kampuni, ile ya kitambaa chekundu, akainama kwa shida kwa sababu ya mgongo, akailaza chini mchangani vizuri, kama anavyolaza mfuko. "Atakayekupeleka mumutafute."

Wakahama siku hiyo hiyo, kwa miguu yao, bila kufukuzwa, mpaka uwanjani kwa kaka yake Mwanahamisi. Donatien alipelekwa Lubutu kabla ya mwezi kwisha, kwenye biro ndogo ya njiani, na Mwanahamisi alimfungia kashata katika majani ya mgomba, nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Bwana Kalamu alipanda mlimani mara mbili na wabebaji wengine. Mara zote mbili alirudi na mifuko mizito, akaifungua ghalani, na watu wa ghala wakasema yalikuwa mawe meupe matupu, hayana jeusi ndani wala bati.

Mtaa wa waungwana ukamwita Bulaimu tena Shehe wa Mawe, na mara hii hapakuwa na kejeli ndani yake. Yeye alirudia matofali. Mgongo ulipona, ukabaki na mistari. Jioni moja, wakiwa wanatenga chakula, alimwambia mkewe kwamba sasa hana kinyongo, watu wote wamejua.

"Wewe huna," Mwanahamisi akasema, akimpakulia wali. "Mimi ninacho. Kula."